Msibani sikulia, ila nalia kwenye kurasa za furaha: nina tatizo?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma 2019 na wizara yetu, mume bado yuko Dar kikazi anakuja wikiendi mbili kwa mwezi. Kama mwaka na nusu sasa nimekolea kusoma zile riwaya laini za faraja, zile za kijiduka cha chai, mji mdogo, mvua inanyesha, majirani wanapendana, paka kalala kaunta, hakuna anayeuawa wala kusalitiwa. Nasoma kwenye simu, asubuhi kwenye basi la wafanyakazi kwenda Mtumba na usiku watoto wakishalala. Shida yangu nalia. Na silii kwenye huzuni, nalia penye uzuri. Juzi mtu kaingia dukani kaloa chapachapa, bibi mwenye duka hakumuuliza kitu, kamsogezea bakuli la supu akamwambia kula kwanza, basi mimi nikalia mpaka nikapitiliza kituo. Kitabu kikiisha nakaa siku mbili tatu kama nimefiwa, na nyumbani nakuwa mkali, kila kitu naona kibaya. Mume anasema natoroka maisha. Mama mmoja wa jumuiya kasema nilie tu machozi yanatoa sumu mwilini, mwingine kasema niombewe. Binti yangu wa miaka tisa alinikuta akauliza mama nani kakupiga. Hii ni sonona? Niache hivi vitabu? Mimi si mtu wa kulia kabisa, hata mama alipofariki 2022 kule Mpwapwa sikulia, mimi ndo nilikuwa nasimamia jiko na michango, na nilishapoa."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, ni sonona au siyo, na uache vitabu au usiache, ila nikikusoma vizuri naona kuna la tatu umelizungukazunguka na naona ndilo linalokutisha zaidi, yaani inakuwaje msiba wa mama mzazi upite macho makavu halafu machozi yaje kutoka kwa supu ya mtu ambaye hata duniani hayupo. Nitajibu yote ila naanza na hilo, maana ukishalielewa hilo mengine yanakaa sawa.

Kwanza hujachanganyikiwa na wala huko peke yako. Kulia penye uzuri ni hisia inayojulikana na imechunguzwa sana. Kuna mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, anaitwa Alan Fiske, yeye na wenzake wameipa jina la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, wanaiita "kama muta", maneno yote mawili ndilo jina, maana yake kuguswa na upendo. Wanachosema ni kwamba inakuja pale upendo au ukaribu unapoongezeka ghafla mbele ya macho yako, siyo upendo uliokuwepo tangu asubuhi, hapana, ule unaoruka hatua. Mtu alikuwa mgeni kaloa na mvua, sekunde moja mbele ni mtu wa nyumbani ana bakuli mkononi, hapo ndo kifua kinapata joto, koo linakaba, mwili unasisimka na macho yanalowa. Utafiti wao uliotoka 2019 ulihusisha nchi 19 na lugha 15, na dalili zikawa zilezile karibu kote. Wewe mwenyewe unaijua hisia hii ukumbini, baba wa bibi harusi akisimama kumkabidhi binti yake, meza nzima ya mashangazi inatafuta tishu, na hakuna anayewauliza kama wanaumwa.

Na kuhusu kwamba kitabu ni cha kutunga, hilo lisikusumbue kabisa. Mtu akizama kwenye hadithi anakuwa yupo mle ndani, anaiona supu, anasikia mvua, na mwili unajibu kile unachokiona. Mbona bibi zetu walitusimulia za sungura na fisi tukawa tunaogopa kwenda chooni usiku, na fisi wa ile hadithi hakuwepo.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka 1952 mtaalamu mmoja wa Marekani wa uchambuzi nafsi, yaani tiba ya kuzungumza na mtu mpaka yaliyofichika moyoni yatoke, Joseph Weiss, aliandika makala kuhusu watu wanaolia mwisho mzuri wa hadithi, na maelezo yake mpaka leo nayatumia kwenye kiti changu cha kazi karibu kila mwezi. Alisema hatari ikiwa bado ipo mtu anaubana uchungu wake kwa sababu hana nafasi ya kuusikia, hatari ikipita, akaona sasa ni salama, ule uchungu aliokuwa ameubana ndo unatoka. Kwa hiyo machozi ya mwisho mzuri mara nyingi ni huzuni ya zamani iliyokuwa inasubiri mahali salama pa kutokea.

Hili nililiona kwa macho yangu Soko la Majengo. Mtoto wa kama miaka mitano kapotezana na mama yake, ana mfuko wa nyanya kaukumbatia, anatembea katikati ya miguu ya watu, midomo kaibana, macho makavu kabisa anaangalia vitenge tu, kitenge kimoja baada ya kingine. Mama mmoja muuza dagaa akamshika bega amuulize, hata hakumjibu. Alipokiona kitenge cha mama yake, hapo ndo alilia, nyanya zikamwagika chini, analia mpaka anakosa pumzi, na mama yake anashangaa, si umeshaniona sasa unalia nini? Alilia kwa sababu ameshamwona. Kabla ya hapo alikuwa na kazi ya kutafuta.

Mwilini jambo hili lina njia yake. Ukiwa kwenye dharura inatawala ile sehemu ya mfumo wa neva inayokuandaa kukimbia au kupambana, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, akili inahesabu. Tezi za machozi zinaamriwa zaidi na ile sehemu ya pili, ya kutulia na kupumzika, kwa hiyo siyo ajabu mtu aliyesimama imara wakati wa tukio aje aanguke baadaye akiwa amekaa mahali pazuri, kashiba, hakuna anayemdai kitu.

Naomba sasa usome tena sentensi yako ya mwisho. Umeandika kuhusu supu, paka, mume, jumuiya, mpaka mwisho kabisa ndo ukamtaja mama, kwa mstari mmoja, na ukaufunga na neno nilishapoa. Mimi sijakaa na wewe ana kwa ana kwa hiyo siwezi kukwambia kwa uhakika moyo wako una nini, na mtu yeyote anayekuambia kwa uhakika kupitia maandishi anakukosea. Ila naijua misiba ya kwetu huku. Najua kusimamia jiko ni nini, kuhesabu sufuria za kukodi, kujua kuni zimebaki kiasi gani, wageni wa kutoka Kongwa wamefika hawajala, daftari la michango liko wapi, nani ana funguo za stoo, na kila anayepita anakusifu kwamba wewe ni jembe. Jembe halina nafasi ya kulia. Wenzako walikuwa kwenye mkeka wanamlilia mama, wewe ulikuwa unawapikia waliokuwa wanamlilia. Wageni wakaondoka, likizo ikaisha, ukarudi Dodoma kwenye basi la asubuhi, na tangu hapo, kwa jinsi ulivyojieleza, wewe ndo unayempakulia kila mtu.

Halafu kwenye kitabu mtu anaingia kaloa, na bibi mtu mzima hamuulizi kitu, anamsogezea bakuli, anamwambia kula kwanza. Mimi nisingeshangaa hata kidogo kwamba umelia hapo. Ningeshangaa kama ungelia kwenye ukurasa mwingine.

Ndiyo maana kwa watu wenye shida kama yako huwa siulizi sana wamelia mara ngapi, nauliza wamelia ukurasa upi. Kuna mzee mmoja, sitasema zaidi ya hapo, riwaya hizi hizi laini zilikuwa hazimgusi popote isipokuwa pale mtu anapoitwa jina lake la utotoni. Mwingine kila mara ni mlango, mtu anagonga usiku na anafunguliwa. Mimi mwenyewe kwangu ni barua, mtu akifungua barua ya zamani akakuta ameshasamehewa siku nyingi hajui, hapo sina ujanja, na ninajua ni ya nani. Chozi lina anwani yake.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kuacha, fanya hivi kwa mwezi mmoja. Ukilia, piga skrinshoti ya ukurasa ule, usiuchambue saa hiyohiyo, endelea kusoma. Zikifika tano au sita kaa nazo jioni moja uziangalie kwa pamoja, nani anampa nani kitu gani, na anayepewa alikuwa ameomba au hakuomba. Utaona zinafanana. Kisha jiulize mara ya mwisho wewe kutendewa hivyo ilikuwa lini na aliyekutendea ni nani. Jibu likija na machozi acha yaje, ila hapo utakuwa unamlilia mwenyewe, siyo yule bibi wa dukani.

Niseme kidogo kuhusu hivi vitabu maana watu wanavidharau sana, eti vya kitoto, vya watu wasiotaka kuona ukweli. Wajapani ambao wana mtindo huu kwa wingi wana neno iyashi, maana yake kuponya au kuliwaza, na neno hilo lilishika kasi kwao miaka ya mwishoni ya 1990, baada ya uchumi wao kuporomoka na baada ya mwaka 1995 ambapo Januari lilipiga tetemeko la Kobe likaua watu zaidi ya 6,000, halafu Machi watu wakatupiwa gesi ya sumu kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo. Watu waliokimbilia simulizi za utulivu walikuwa wamechoka na kuumizwa, wanatafuta mahali pa kukaa, na ukweli walikuwa wameshauona mwingi.

Kuhusu machozi kutoa sumu, mama wa jumuiya ana nia njema ila hilo halijathibitishwa, usilie kama anayekunywa dawa. Kilichopimwa ni kitu kingine na kina faida kwako kukijua. Watafiti wa Uholanzi, yupo pale Ad Vingerhoets ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza kulia, waliwaonyesha watu filamu za kugusa moyo, matokeo yakatoka 2015. Waliolia walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya filamu kuisha, baada ya kama dakika 20 wakarudi walipokuwa, na baada ya dakika 90 wakawa wanajisikia vizuri kuliko hata kabla ya kuanza. Kwa hiyo ukishuka kwenye basi umetoka kulia ukaona umezidi kuwa hovyo, hiyo ni kawaida, usijihukumu ndani ya ile nusu saa ya kwanza. Maombi nayo sikukatazi hata kidogo, omba na uombewe kama ndiyo imani yako, ninachokataa ni mtu kukuambia kulia ni pepo kisha ukaanza kujiogopa.

Mume wako nimsemee naye, kwa sababu anachosema kina upande wa kweli. Kuna kusoma kwa kupumzika na kuna kusoma kwa kujificha, na kwa nje vinafanana. Mimi huwa natofautisha kwa kuangalia mtu anarudije. Aliyepumzika akifunga kitabu anarudi na kitu, anawaona watoto, anapata hamu ya kumpigia mtu simu. Aliyejificha akifunga kitabu anaona nyumba ndo inamkatisha hadithi yake. Na wewe umesema wazi kwamba unakuwa mkali. Hapo pana kazi, ila kazi yenyewe siyo kuacha vitabu. Vitabu hivi vina kosa moja kubwa na nakuambia mimi ambaye navipenda, kwamba havionyeshi nani aliosha yale mabakuli. Hakuna kodi ya nyumba, hakuna maji kukatika, hakuna bosi anayetaka ripoti Ijumaa saa kumi na nusu, na ukarimu unatokea tu wenyewe bila mtu kuuandaa. Ukitoka mle ukaingia jikoni kwako, sinki limejaa na mtoto hajamaliza homuweki, ni lazima ulinganishe, na nyumba yoyote duniani itashindwa. Ukali wako nadhani una maneno ndani yake, na maneno yenyewe ni mbona mimi hakuna anayeniambia kula kwanza. Hayo ni maombi halali kabisa ila yanatoka kama kelele kwa watoto.

Basi yaseme kwa mdomo. Mume akija wikiendi usimwambie nimelia kwenye kitabu, mwanaume akisikia hivyo anatafuta solusheni. Msomee ule ukurasa, ukurasa mmoja tu, halafu umwambie Jumamosi hii naomba wewe unipakulie, mimi nikae. Najua kinasikika kama kitu kidogo, ila watu wengi ninaokutana nao wana miaka mingi hawajapakuliwa chakula na mtu.

Ule upweke baada ya kitabu kuisha nao una maelezo. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni wanaojenga ukaribu wa upande mmoja na watu wa kwenye kioo, na hadithi nazo zinafanya hivyohivyo, umekaa na yule bibi wiki tatu, asubuhi na usiku, akiondoka lazima pabaki wazi. Siku mbili tatu ni sawa. Ila wewe una mume yuko mbali, mama hayupo, na marafiki nadhani wengi uliwaacha Dar mlipohamishwa, kwa hiyo kitabu kimeshika viti vitatu peke yake. Nimekutana na wengi sana mliokuja na wizara, mna majirani Ilazo na Kisasa mnaosalimiana kwa honi ya gari tu. Mmoja mwalike. Chai ya jioni inatosha, na usisubiri nyumba iwe safi.

Kitu cha mwisho kabla ya sonona, usingizi. Umesema unasoma watoto wakilala na asubuhi uko kwenye basi la kwenda Mtumba, sasa mimi nikipiga hesabu ya kawaida, ukifunga simu saa sita saba usiku na kuamka saa kumi na moja, unalala masaa manne au matano tu. Mtu asiyelala vya kutosha hisia zake zinakuwa nje nje, analia kirahisi na anakasirika kirahisi, hata kama hana msiba wala kitabu. Saa nne usiku simu ilale sebuleni kwa wiki mbili uone nini kinabaki. Na kama kulia kunakuja siku zilezile kila mwezi, au kulianza ulipobadilisha njia ya uzazi wa mpango, mwambie daktari wako wa kawaida. Mtu ambaye analia ghafla bila kusikia huzuni wala furaha yoyote, hasa baada ya kiharusi au kuumia kichwa, huyo ni wa daktari moja kwa moja, ila hayo siyo maelezo yako.

Sasa sonona. Kwa ulichoandika sioni picha yake kamili, maana kitu kimoja kikubwa kwenye sonona ni raha kuondoka, mtu anashika kitabu alichokipenda anasoma ukurasa uleule mara nne hauingii, supu ya bibi haimgusi, na wengine wanakuja kwangu wanalalamika kwamba hata kulia hawawezi. Wewe unaguswa sana. Ila picha inaweza kubadilika kwa hiyo nakupa alama za kuangalia. Ikifika wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, uko chini au hakuna kinachokupa raha, na usingizi au hamu ya kula imeharibika, kazi na watoto vinakushinda, unajiona huna thamani, usijipime tena na vitabu, nenda ukaonane na mtu. Pia kama ukianza kumwangalia mama kwenye zile kurasa ukaona huwezi kutoka, kila siku unazama palepale na miezi inapita, huo ni msiba uliokwama na unahitaji msaada wa ana kwa ana. Likija wazo la kutaka kufa au kwamba watoto wangekuwa bora bila wewe, ni siku hiyohiyo, usiku uwe au mchana, usibaki peke yako.

Hapa Dodoma una bahati ya kuwa karibu na huduma. Hospitali yetu ya mkoa tunayoiita General, Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua jina hilo la mwisho limekushtua, tumekua tukitaniana shuleni umetoka Mirembe wewe, na utani huo umewachelewesha watu wengi mpaka nimeuchukia. Kliniki ya nje pale unaingia na mkoba wako, unakaa foleni, unaongea na mtaalamu, unarudi nyumbani kupika.

Kitabu ulichonacho mkononi kimalize. Na binti yako aliyeuliza nani kakupiga mrudie, maana hukuniambia ulimjibu nini na nahisi ulimwambia hakuna kitu. Mwambie ukweli kwa saizi yake, kwamba hakuna aliyenipiga, kwenye hadithi kuna bibi kampa mtu supu na mimi nikamkumbuka bibi yako. Miaka tisa anaelewa hiyo. Jiandae tu kwamba ataanza kuuliza bibi alikuwa anapika nini, mlenda wake ulikuwaje, alikuwa anakuwekea na wewe ukichelewa, na hayo wewe ndo wa kumjibu, kaa chini, mwachie chakula apakue yeye, umsimulie.